Kura ya Mkono Wake Mwenyewe

Jumapili, 6 Oktoba

Hili sijamwambia mtu. Hata mama. Hata padri leo asubuhi kwenye kitubio, maana sijui kama ni dhambi au ni nini.

Babu Bartholomeo hataki mjomba Kasiani ampigie kura tena.

Naandika taratibu, kichwa kimejaa. Babu ni kaka yake marehemu bibi. Mjomba Kasiani ni mtoto wa bibi, kaka yake mama. Kwa desturi yetu Waluguru basi Kasiani ndiye mrithi wa Babu – shamba, jina, kila kitu. Na kwa kuwa Babu haoni, tangu kabla mama hajazaliwa, Kasiani ndiye macho yake siku ya kura. Kila uchaguzi anamshika mkono, anapanda naye mpaka shuleni, anaingia naye, anatoka naye. "Mjomba, tayari." Babu huuliza, "Tayari nini?" Kasiani hujibu, "Tayari kura." Watu wanacheka. Babu naye anacheka. Mimi nilidhani anacheka kweli.

Leo baada ya misa nilikuwa nampasulia mianzi. Yeye anasuka matenga ya karoti, hayo yanayopakiwa kwenye malori ya Dar. Vidole vyake havisimami hata akiongea. Akaniuliza, mchumba (ananiita mchumba tangu nikiwa mdogo, ni utani wake), ulishawahi kulishwa chakula na mtu ukiwa mzima? Nikasema hapana. Akasema yeye amelishwa kura miaka yote. Ladha yake haijui.

Nikamuuliza, kwani Babu humwamini mjomba?

"Namwamini. Ila siku moja nataka nijue."

Safari hii mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mjomba mwenyewe anagombea uenyekiti wa kitongoji. Babu alicheka mpaka akakohoa. Mgombea aingie na mpiga kura, ajiwekee alama mwenyewe, atoke aseme tayari! Hata wasimamizi wataona haya.

Halafu akaacha kucheka. Akasema nimtafutie njia ya kuweka alama mwenyewe, kwa mkono wake, bila mtu kuona. Hata mimi nisione.

Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu wewe huongei."

Ni mara ya kwanza mtu kunisifia hilo. Shuleni walikuwa wananiita Kimya. Hata mwalimu wa Kiswahili kidato cha sita aliandika kwenye ripoti: mtulivu mno.


Jumatano, 16 Oktoba

Leo tumejiandikisha, mimi na Babu. Mimi kwa mara ya kwanza.

Meza imewekwa pale yanapopakiwa malori, kwa hiyo ni kushuka tu, lakini kushuka kwetu ndiyo shughuli. Usiku ilinyesha. Njia yote utelezi. Babu alishika bega langu, na kila tukifika kwenye jiwe anasema, hapa, kabla sijasema mimi. Nikamwambia, Babu, kumbe hunihitaji. Akasema bega linahitajika, maneno si lazima.

Mwandikishaji ni kijana wa mjini, ana miwani na koti zito. Akamsalimia Babu shikamoo, vizuri kabisa. Kisha akanigeukia mimi.

"Mzee anaitwa nani?"

Nikamgeukia Babu. Babu akajibu, "Bartholomeo."

"Ana umri gani?" Bado ananiangalia mimi.

"Mkubwa," akasema Babu.

"Anajua kusoma?"

"Mwanangu," akasema Babu, "naomba uniulize mimi. Huyu binti ukimuuliza yeye tutalala hapa."

Foleni nzima ikacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa vimejaa tope, kwa hiyo nilikuwa na cha kuangalia.

Alipomaliza kumwandika, kijana akamshauri kwa upole: mzee, mlima huu, na siku yenyewe huenda ikawa mvua, kwa nini ujisumbue? Kura moja tu. Babu akamuuliza kama na yeye hana mshahara mmoja tu kwa mwezi. Mbona anaufuata mpaka huku milimani?

Zamu yangu ikafika. Nikasema jina. Akasema sijasikia. Nikasema tena. Akasema, "Dada, sema kwa sauti, mimi siyo padri." Hapo Babu ndiye aliyecheka kuliko wote. Nimemnunia mpaka nyumbani. Hakuona kama nimenuna, kwa hiyo ikabidi nimwambie kwamba nimenuna. Akasema amesikia kwenye bega.


Jumamosi, 9 Novemba

Wagombea wamebaki wawili: mjomba Kasiani na Mama Pendo, jina lake Juliana, yule anayeuza chai na maandazi pale kwenye malori. Vyama vyao sivitaji, hata humu.

Leo tulikuwa tunafunga matenga ya karoti. Juliana akapita na birika. Akamwambia Babu, mzee, na mimi ni binti yako, usinisahau siku hiyo. Babu akasema atamsahau vipi na maandazi yake yanajitambulisha kutoka mbali. Tukacheka.

Mjomba Kasiani alikuwa juu ya lori anapokea mizigo. Akapaza sauti. "Juliana, usipoteze nguvu zako hapo. Huyo mzee yuko humu!" Akapiga mfuko wa shati.

Hakuwa na ubaya. Mjomba ndivyo alivyo, akifurahi lazima apige kitu.

Lakini vidole vya Babu vilisimama. Nimeviona. Tangu nimfahamu sijawahi kuviona vimesimama katikati ya tenga.


Jumatatu, 18 Novemba

Nilijipa moyo nikaenda ofisi ya kijiji. Sentensi yangu niliifanyia mazoezi njia nzima: Shikamoo, naomba kuuliza kama kuna kifaa cha kumsaidia asiyeona kupiga kura mwenyewe. Nilipofika mlangoni ilibaki shikamoo tu. Mtendaji akasubiri. Mimi nikasubiri. Mwisho ikatoka yote kwa mkupuo, kama maji ya bomba lililokuwa limeziba.

Akaitikia. Akafikiri. Akasema kifaa cha namna hiyo yeye hapa hajaletewa. Na hata kingekuwapo, kina nukta za kusoma kwa vidole, mzee wenu anasoma nukta? Nikasema hapana. Basi, akasema, sheria inamruhusu kuingia na mtu anayemwamini. "Si Kasiani yupo?"

Kila mtu anasema hivyo. Si Kasiani yupo. Kama vile Kasiani ni kiungo cha mwili wa Babu.

Nilipomweleza Babu hakukasirika. Aliuliza kitu kimoja tu, hiyo karatasi ya kura ikoje. Nikasema sijui, sijawahi kupiga. Akasema na yeye amepiga maisha yake yote, hajui.

Tulicheka sana. Baadaye nilijisikia vibaya kidogo.


Jumanne, 19 Novemba

Mungu ni mwema! Karatasi ya mfano imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Juu maandishi, chini yake majina mawili, kila jina na nembo, na kulia kwa kila jina kisanduku cha kuweka alama ya vema. Kasiani juu. Juliana chini.

Nikamkimbilia Babu. Akaniuliza umbali. Kutoka ukingo wa juu mpaka kisanduku cha kwanza, kutoka cha kwanza mpaka cha pili, kutoka ukingo wa kulia. Nikasema Babu, nimeangalia, sikupima. Akavuta kamba ya mgomba akanipa.

Nilirudi kule nikajifanya nasoma. Nikanyoosha kamba ukutani, fundo kwenye ukingo, fundo kwenye kisanduku, fundo kwenye kingine. Mtendaji akatoka nje.

"Unafanya nini?"

"Nasoma."

"Kwa kamba?"

Nilikimbia. Naona aibu hata kuandika. Lakini mafundo yote ninayo.


Ijumaa, 22 Novemba

Kitenga cha kura kimekamilika. Hilo ndilo jina alilokipa Babu.

Amesuka kwa fito nyembamba kabisa, kama kitako cha tenga, bapa, chenye madirisha mawili madogo upande wa kulia. Pembeni ameacha ukingo, karatasi inaingia chini yake haichezi. Unaweka kitenga juu ya karatasi, unatambaa na kidole mpaka dirishani, unaweka vema humo. Huwezi kukosea hata ukitaka.

Mimi nimekata karatasi za boksi kwa kipimo cha mafundo yetu na jana na leo amefanya mazoezi mchana kutwa. Mwanzo kwa kitenga. Leo jioni hata bila kitenga: anaweka kidole gumba kwenye kona ya juu, anatanua mkono kushuka, anaweka vema. Palepale! Ananiambia, mchumba, kagua. Nakagua. Palepale.

Mama alipita akaona kile kitu. Ni kikubwa kama sinia. Akauliza kama tunaanika dagaa. Babu akasema ndiyo. Mama akasema dagaa wenyewe wako wapi. Babu akasema watakuja Jumatano.

Sijawahi kumwona ana furaha namna hii. Anapiga mluzi anaposuka.


Jumapili, 24 Novemba

Mjomba amejua. Si kitenga, ila amejua kwamba si yeye atakayempeleka.

Alikuja baada ya misa kupanga safari ya Jumatano. Mjomba, nitakupitia mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Babu akasema asante, mwaka huu nitakwenda na Skola. Mimi!

Mjomba akacheka. Akaona hatujacheka.

"Skola? Huyu hata kuku hawezi kumfukuza."

"Simpeleki kufukuza kuku," akasema Babu.

"Mjomba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Wewe ni mgombea. Mgombea asimame mbali."

"Basi Agnes akupeleke." Agnes ndiye mama. Mama alikuwa anamenya viazi, akainua kisu akasema asiingizwe.

Mjomba akasimama. Sauti yake ikashuka, na mjomba akishusha sauti ujue pameuma. Akasema amemshika mkono mzee huyu tangu akiwa mtoto wa shule, amemwogesha alipougua, na leo kitongoji kizima kitaona Bartholomeo anapita na mtoto wa kike kwenda kumpa Juliana kura. Babu akamuuliza nani amesema Juliana. Mjomba akasema, kama ni mimi ungeficha nini?

Babu aliendelea kusuka. Mjomba akaondoka bila kunywa chai, na kofia yake ikabaki kwenye kiti. Mpaka sasa ipo hapo. Hakuna anayetaka kuigusa.

Mimi nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nacho kabisa, mdomoni. Nilitaka kusema, mjomba, hajasema hatakupa, amesema hataki umchukulie. Lakini kilitoka baadaye, nikiwa naosha vyombo.


Jumatano, 27 Novemba

Leo ndiyo leo. Mkono unauma lakini lazima niandike yote.

Kitenga nilikifunika kwa kanga nikakibeba mgongoni. Mama mmoja kwenye foleni akaniuliza nimejifungua lini. Nilikufa. Babu akamjibu kwamba mtoto amelala, asimwamshe.

Wametupisha mbele kwa sababu ya Babu. Wengine walisema pita mzee, mmoja akanong'ona kwamba kipofu anakwenda kuchagua nini. Babu akageuka kule kule ilikotoka sauti, akasema shikamoo haijasikika. Yule mtu akasema shikamoo.

Ndani kuna meza ya msimamizi, mawakala wawili wamekaa kwenye madawati, na kwenye kona kile kiboksi cha kuficha, wanakiita kituturi. Msimamizi wa kituo ni mwalimu mgeni, mkali lakini mstaarabu. Akauliza mzee ana msaidizi? Kabla sijafungua mdomo wakala wa mjomba akasema msaidizi wake ni Kasiani, siku zote, Kasiani yuko hapo nje, aitwe.

Na kweli mjomba alikuwa mlangoni. Amevaa shati jeupe, hana kofia.

Wote wakaniangalia. Babu akanibonyeza bega.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye anayeniamini. Mimi ndiye – yeye ananiamini mimi."

Nilichanganya maneno lakini yalisikika mpaka nje, kwa sababu nilimsikia mtu akisema kumbe Kimya ana sauti. Mjomba akageuka akaangalia milima.

Msimamizi akakubali. Ndipo nikafungua kanga.

"Hiki nini tena? Binti, hapa tunapiga kura, hatupepeti."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa kweli, nadhani ni hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Akashika kitenga, akapitisha kidole kwenye madirisha, uso ukalainika. Akasema hili jambo sijawahi kuliona. Mawakala wakaangalia, hakina alama, hakina jina, haya. Akachana karatasi kwenye kitabu akatukabidhi.

Nilipoishika nikaigeuza mara mbili.

Ilikuwa ndogo. Ndogo kama kitabu cha sala. Kitenga chetu kingeweza kuibeba na chapati tatu juu yake.

Msimamizi naye akaona. Akaniuliza tulipima wapi. Nikasema kwenye ile ya mfano, ukutani. Akafunga macho. Akasema ile imekuzwa, binti. Tuliikuza ili watu waone vizuri.

Ili watu waone vizuri. Naandika tena kwa sababu wakala wa Juliana alicheka mpaka akaomba radhi, na mimi sikujua nilie au nicheke.

Babu hakucheka wala hakulia. Akauliza, ndogo kiasi gani? Nikamwekea mkononi. Akaipapasa kingo zote nne. Akasema sawa, twende.

Karatasi nyingine, za kijiji na za wajumbe, hakuwa na shida nazo. Nilimnong'oneza majina, akaniambia, nikaweka. Ikabaki hii moja. Nikashika kidole chake nimgusishe kisanduku kimoja kimoja, hiki Kasiani, hiki Juliana. Akautoa mkono wangu.

"Ukinigusisha utajua."

"Babu, ni ndogo."

"Mkono wangu umezoea. Kona iko wapi?"

Nikamwekea kidole gumba kwenye kona.

"Geuka."

Nikageuka. Nikaangalia ukuta. Kuna ramani ya Afrika imechanika pale Kongo. Nikasikia kalamu.

Sasa hili. Nilikuwa nimeahidi. Lakini kalamu iliposimama niligeuka kidogo, nikidhani amemaliza kukunja. Alikuwa hajakunja. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama anaisikiliza. Na vema ilikuwa safi kabisa, katikati ya kisanduku, kama ya mwalimu.

Kisanduku cha Juliana.

Alikunja mwenyewe. Alitumbukiza mwenyewe, nilimwongoza tu mpaka kwenye tundu. Akabaki ameweka kiganja juu ya sanduku, mpaka msimamizi akakohoa. Nje akaniuliza, uliangalia? Nikasema hapana.

Mjomba alikuwa bado pale. Babu akapita akasema akiiga sauti ya mjomba mwenyewe, "Kasiani, tayari."

"Tayari nini?" mjomba akauliza.

"Tayari kura."

Watu walicheka kweli kweli. Mjomba naye kidogo, upande mmoja wa mdomo. Mimi nikakifunika kitenga tena kwa kanga. Kumbe ni kweli, nikawaza. Kumbe Babu alikuwa wa Juliana muda wote. Na mimi nilikaa nikimtetea moyoni kwa mjomba!


Alhamisi, 28 Novemba

Mjomba Kasiani ameshinda. Kwa kura chache sana, walirudia kuhesabu. Juliana alipita asubuhi na birika, amevimba macho lakini anatania. Akasema Kasiani, angalau chai ya ushindi nunua kwangu. Mjomba akanunua ya watu wote.

Hapa kwetu mjomba hajafika.

Mchana Babu alikuwa juani na mianzi yake. Nikakaa karibu. Akawa anapiga mluzi. Akaniambia kwamba siri ni kitu kitamu, ila kikikaa sana kinamwasha mwenye nacho. Nikasema Babu, usiniambie. Akasema lazima amwambie mtu, na mimi ni kama kumwambia jiwe.

"Nimempa Kasiani."

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia. Mtu asiyeona uso wake hauna kificho, na wake haukuwa na utani.

"Sasa Babu, si ungemwacha akuwekee tu? Ingekuwa ileile."

"Si ileile. Miaka yote ameichukua. Safari hii nimempa." Akavuta ufito. "Yeye hajui, na asijue mpaka anunue kofia nyingine. Lakini mimi najua. Nimeiweka palepale, mchumba. Kidole gumba kwenye kona, mkono ukashuka, palepale kama kwenye boksi zako."

Kama kwenye boksi zangu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Boksi nilizozikata mimi, kwa kipimo cha ukutani. Mkono wake ulishuka umbali uleule uliozoea. Kwenye karatasi kubwa umbali ule unafika kwa Kasiani. Kwenye karatasi ndogo unampita Kasiani, unatua kwa Juliana. Katikati kabisa.

Mkono haukukosea. Ulifanya nilichoufundisha.

Na mimi niliiona ile vema. Ilikuwa bado haijatumbukizwa. Ningeweza kusema, Babu, imekwenda kwa Juliana, ndivyo ulivyotaka? Msimamizi angempa karatasi nyingine, nina hakika, alikuwa mtu wa kuelewa. Lakini ningesemaje bila kusema nimeangalia? Nilinyamaza. Kitu kilichomfanya Babu anichague, kunyamaza, ndicho nilichokifanya.

Nimesema naenda kuchota maji. Nimechota mara mbili, pipa limejaa.


Ijumaa, 29 Novemba

Mjomba amekuja. Na jogoo.

Akamsalimia Babu shikamoo, akachukua kofia yake kwenye kiti, akaipangusa, akavaa. Akasema mjomba, hata kama hukunipa, nimekuletea jogoo. Babu akasema hata kama nilikupa, nitamla. Mama akasema mmalize, maji yamechemka.

Walikula pamoja. Mjomba alimtolea Babu mifupa kama zamani. Katikati ya kula akajaribu tena, akamuuliza kama utani: basi niambie tu kwa ishara, ikiwa ni mimi, kohoa. Babu akanywa maji kwa uangalifu mkubwa asije akapaliwa.

Nilicheka. Nilicheka na huku nikaona ninavyozidi kufungwa. Wote wawili wana furaha kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea. Au kilitokea? Babu alimpa. Mimi nimemsikia anavyosema nimempa. Ila kwenye sanduku Juliana ana kura moja aliyopewa na mtu ambaye hakumpa.

Nitamwambia. Si leo, leo kuna jogoo.


Jumamosi, 30 Novemba

Nipo jikoni, naandika nimesimama. Wako nje.

Asubuhi lori lililopanda likiwa tupu limemleta Bi Mwaisha kutoka Mlali. Naye haoni. Anafahamiana na Babu zamani, tangu enzi za kuuza matenga sokoni kule. Habari za kitenga zimefika mpaka Mlali! Dereva alisimulia, akasema kuna mzee juu amepiga kura kwa mkono wake mwenyewe. Bi Mwaisha hakuamini, akapanda lori.

Nikamwamkia, akanishika mikono yote miwili. Anasema kwao yeye kapigiwa kura na kaka yake, kisha na mume, sasa ni zamu ya mtoto wa kiume. Safari hii alikwenda na mwanawe, akatoka, akamuuliza umeweka wapi, mtoto akasema mama, si ni palepale pa siku zote. Anasema pa siku zote pa nani?

Babu anamwambia uchaguzi mkubwa ni mwakani na kila kitongoji kina mtu wao mmoja au wawili asiyeona, Mlali, Mgeta, mpaka Mwembesongo kwa shangazi yangu. Atawasukia wote. Amekwisha pasua mianzi. Anamfundisha Bi Mwaisha mkono: kidole gumba kwenye kona, tanua, shuka. Anatumia boksi zangu zilezile. Bi Mwaisha anajaribu, anauliza, hapa? Babu anapapasa. Palepale.

"Kitenga kilikuwa kikubwa kweli," nimemsikia akimwambia, "lakini hakina shida, mkono ndio wenye kazi. Muulize mjukuu wangu, alikuwepo. Skola! Njoo umwambie Bi Mwaisha. Si iliingia palepale?"

Nimesema nakuja, chai inafurika.

Chai haifuriki. Bado sijawasha hata moto.

Nikinyamaza, mwakani kutakuwa na mikono mingi inayoshuka umbali usio wake, na kila mwenye mkono atarudi nyumbani akipiga mluzi. Nikisema, nitamnyang'anya Babu ile moja aliyoipiga, na Bi Mwaisha akiwa amekaa hapo hapo anasikia.

Ameniita tena. "Mchumba, mgeni anasubiri."

Naweka kalamu chini. Mlango uko hatua chache. Wewe daftari unajua iliangukia wapi, na zaidi yako na mimi hakuna. Basi ifiche kwenye kurasa zako, usimwonyeshe mama, usimwonyeshe mjomba, funga mdomo wako kwa niaba yangu – kwa sababu mimi nadhani safari hii nitaufungua wangu.